Costa Rica, Nicaragua au El Salvador: likizo yako ya kupanda mawimbi uipeleke wapi

Swali ninaloulizwa sana na ndugu zetu wa huku Marekani, na siku hizi hata na vijana wa Mombasa na Dar walioanza kushika ubao, ni hili: nimepata likizo ya wiki mbili, nataka kwenda kuserfu Amerika ya Kati, nichague Costa Rica, Nicaragua au El Salvador? Na mimi kabla sijataja nchi yoyote huwa narudisha maswali matatu. Likizo yako iko mwezi gani. Ukiwa juu ya ubao leo hii unaweza kufanya nini. Na pasi unayosafiria ni ya nchi gani. Bei ya hoteli na uzuri wa ufukwe vinakuja baadaye sana maana fukwe nzuri ziko kote, ila mwezi usipoendana na kiwango chako utakaa kwenye bembea wiki nzima unaangalia bahari, na pasi ikikataa hata hiyo bembea huioni.

Kwahiyo nalinganisha kwa mpangilio huo huo.

Mwezi kwanza

Pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati inapokea mawimbi kutoka pande mbili. Kuanzia kama Aprili mpaka Oktoba yanakuja ya kusini, hayo yanazaliwa na dhoruba za kipupwe huko chini kabisa maeneo ya New Zealand na Antaktika, yanasafiri maelfu ya kilomita huku yakijipanga njiani, na mpaka yafike huku yameshakuwa mistari mirefu yenye nguvu na nafasi kubwa kati ya wimbi na wimbi. Kuanzia Novemba mpaka Machi kusini kunapoa, yanabaki zaidi ya kaskazini magharibi kutoka Pasifiki ya juu, ambayo mara nyingi ni madogo na kuna fukwe hayazifikii vizuri kabisa.

Sasa mvua nayo inaangukia Mei mpaka Novemba. Yaani mawimbi makubwa na mvua vinakuja pamoja, na jua kali na mawimbi ya wastani vinakuja pamoja, ndivyo ilivyo na hakuna ujanja. Ila usiogope neno mvua, kwa miezi mingi asubuhi kunakucha kweupe, bahari imetulia kama kioo, unaserfu mpaka saa nne, halafu mvua inashuka mchana au jioni wewe umeshakula umelala. Miezi ya kuogopa kidogo ni Septemba na Oktoba, hapo inanyesha kwelikweli na barabara za vumbi zinageuka tope, madaraja madogo yanafunikwa na maji. Ukiniuliza mimi mwezi mmoja wa kumpeleka mtu wa kiwango cha kati nitakwambia mwisho wa Machi kuingia Aprili: jua bado lipo, na mawimbi ya kusini ndio yanaanza kuamka.

Na kuna kitu sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki lazima tukielewe. Tumezoea bahari yenye mwamba mbele, mawimbi yanavunjikia kule mbali, huku ufukweni unaoga na watoto. Pasifiki ya huko sehemu nyingi haina huo ukuta. Wimbi lililotoka karibu na Antaktika linakuja kuvunjikia mbele ya miguu yako, kwahiyo hata kama unaogelea vizuri sana Nyali au Kigamboni, siku ya kwanza kaa ufukweni uangalie kwanza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Kinachofanana na kwetu ni kujaa na kupwa: kaskazini mwa Costa Rica na Nicaragua tofauti inafika karibu mita 3 wakati wa bamvua, kwahiyo kuna wimbi linafanya kazi maji yakijaa tu na kuna lingine maji yakipwa tu, jedwali la maji ni la kuangalia kila jioni kabla ya kulala. Aliyekulia kwenye kuhesabu bamvua na maji mafu hapo amemtangulia mtalii wa Ulaya.

Costa Rica

Hii ndiyo rahisi kuliko zote tatu, na ndiyo ghali kuliko zote tatu. Ilifuta jeshi lake mwaka 1948, maji ya bomba sehemu nyingi yananywewa, hospitali zipo, na ina viwanja viwili vikubwa vya ndege, San José ambayo iko katikati ya nchi milimani na Liberia iliyoko kaskazini magharibi karibu na fukwe. Wengi wanakata tiketi ya San José kwa sababu jina wanalijua, kisha wanakaa barabarani saa tano kwenda Tamarindo wakati wangeshuka Liberia wangefika kwa saa moja na kitu. Angalia ramani kwanza ndio ukate tiketi.

Kama hujawahi kusimama kwenye ubao au umesimama mara chache, Tamarindo ni pa kuanzia na sioni mshindani wake katika nchi hizi tatu. Wimbi la mchangani, laini, shule za kufundishia ziko nyingi, somo la kikundi linazunguka kwenye dola 50 mpaka 70 na ubao humo humo. Kasoro yake ni watu, pamejaa, na usiku kuna kelele. Halafu sikiliza hili kwa makini: kati ya Tamarindo na Playa Grande kuna mlango wa mto na mto huo una mamba, wa kweli, kwahiyo usilale juu ya ubao ukakata mto kwa mikono eti unaokoa nauli, panda mtumbwi wa wenyeji. Playa Grande yenyewe ina wimbi lenye nguvu zaidi na iko ndani ya hifadhi ya Las Baulas, kasa wakubwa wa ngozi wanapanda kutaga kati ya Oktoba na Machi, na usiku ufukwe unafungwa kwa ajili yao.

Nosara napapenda zaidi kwa mtu anayejifunza lakini anataka utulivu. Ufukwe wake unaitwa Guiones, mrefu, mchanga mtupu chini, watu wanatawanyika hakuna kugombania wimbi moja, na hakuna maghorofa mbele ya bahari maana ukanda wa miti umelindwa. Ila bei zimepanda mno, pamekuwa mahali pa watu wa yoga na wenye hela zao, na barabara za ndani kiangazi ni vumbi mpaka kwenye meno.

Santa Teresa iko chini kwenye ncha ya rasi ya Nicoya, ukitokea San José unashuka mpaka Puntarenas unapanda feri kama saa moja na zaidi mpaka Paquera ndio unaendelea na barabara. Ni ya mtu ambaye tayari anakata wimbi upande, sio wa kusimama akaenda moja kwa moja ufukweni. Jacó ni karibu na San José, saa mbili hivi, mji wa makelele lakini wimbi lake la ndani linafaa wanafunzi, na pembeni kidogo tu kuna Playa Hermosa yenye mchanga mweusi na mawimbi mazito ambayo hata mabingwa wa dunia yamewahi kuwatesa, mashindano ya dunia ya ISA, shirikisho la kimataifa la serfu, yalifanyika pale 2009. Usikosee ukaingia Hermosa kwa sababu tu iko dakika kumi na tano kutoka ulipojifunzia.

Halafu kuna Pavones. Hiyo iko kusini kabisa karibu na mpaka wa Panama, ndani ya ghuba ya Golfo Dulce, mwendo wa saa saba nane kutoka San José. Ni wimbi la rasini, linavunjika likifuata ncha ya nchi kavu, na ukilipanda linakupeleka kushoto, kati ya marefu kuliko yote duniani ya upande huo, siku yake ikifika linaungana vipande vyote mpaka miguu inachoka kabla wimbi halijaisha. Lakini siku yake ndiyo yenyewe, linahitaji mawimbi makubwa ya kusini yapenye kwenye mdomo wa ghuba, ukienda Desemba utakuta ziwa. Kwahiyo Pavones haipangwi miezi sita kabla, unakaa sehemu nyingine Costa Rica kati ya Mei na Septemba, unaangalia utabiri, ukiona kitu kinakuja unafunga mzigo.

Upande wa Karibi hapo ndipo watu wengi hawapafikirii kabisa, na kwangu mimi ndipo roho ilipobaki. Puerto Viejo de Talamanca, mkoa wa Limón. Wenyeji wengi ni weusi wenzetu, babu zao walitoka Jamaika na visiwa vingine karne ya 19 kuja kujenga reli na baadaye kufanya kazi kwenye mashamba ya ndizi, mpaka leo wazee wanaongea Kiingereza chao cha kisiwani na chakula chao ni wali na maharage vilivyopikwa kwa tui la nazi, ukila unaweza kudhani uko Tanga. Muziki wa kalipso uliokaa hapo una mizizi yake yenyewe, mzee Walter Ferguson wa mji jirani wa Cahuita aliutunza na kuuimba mpaka akafariki 2023 akiwa na miaka 103. Kwa msafiri mweusi aliyechoka kuangaliwa kama ajabu kwenye vijiji vya serfu, siku chache pale zinapumzisha.

Mawimbi ya huko sasa. Salsa Brava ndilo jina kubwa, linavunjika juu ya matumbawe yenye kina kifupi, ni zito, linavunja mbao na watu, kama unajiuliza kama uko tayari basi bado. Pembeni kuna Playa Cocles, wimbi la mchangani la kawaida, ingawa nalo lina mikondo ya kuvuta. Msimu ni tofauti na Pasifiki: Desemba mpaka Machi ndio kuna mawimbi, na Julai kidogo. Na hapa kuna mtego, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mikavu kule Karibi wakati Pasifiki inazama kwenye mvua, kwahiyo mtu anasoma "jua Puerto Viejo Septemba" anakwenda na ubao wake anakuta bahari imelala. Jua lipo kweli, wimbi hakuna. Kujaa na kupwa nako huko hakuonekani sana, ni sentimita tu.

Kitu cha mwisho Costa Rica ni gari la kukodi. Bei unayoiona kwenye mtandao, dola 15 au 20 kwa siku, mara nyingi haina bima ya kuwalipa wengine ukisababisha ajali, na hiyo bima ni lazima kisheria, kwahiyo kaunta wanakuongezea mpaka bei inafika mara mbili au zaidi. Uliza jumla yote kwa maandishi kabla hujasafiri. Na kama ni kipindi cha mvua usikodi gari dogo la mjini kwenda Nosara au Santa Teresa.

Nicaragua

Nicaragua ina kitu kimoja ambacho nchi nyingine hazina, nacho ni ziwa kubwa. Ziwa Nicaragua, wenyewe wanaliita Cocibolca, lina zaidi ya kilomita za mraba 8,000, na pale mkoa wa Rivas kipande cha ardhi kati yake na Pasifiki ni chembamba sana, kama kilomita 20 tu. Upepo unaotoka Karibi unapita juu ya ziwa bila kizuizi, unavuka hicho kipande, unatokea baharini ukiwa unavuma kutoka nchi kavu. Na kila anayeserfu anajua maana yake: upepo ukitoka nchi kavu unalizuia wimbi lisianguke ovyo, unalisimamisha, uso wake unakuwa laini. Sehemu nyingi duniani unapata hiyo asubuhi tu, ikifika saa nne upepo wa bahari unaharibu kila kitu. Pwani ya Rivas inaweza kukupa hiyo hali mchana kutwa, siku nyingi mno za mwaka. Mtu mvivu wa kuamka alfajiri aende Nicaragua, nasema kwa moyo mmoja.

Upepo huo una gharama yake. Desemba mpaka Machi unavuma kwa nguvu, unasukuma maji ya juu kwenda mbali na maji baridi ya chini yanapanda, kwahiyo unaweza kufika nchi ya joto kali ukatetemeka baharini. Beba fulana nene ya kuogelea ya mikono mirefu. Siku nyingine upepo unakuwa mkali mpaka unashindwa hata kulishuka wimbi, unapulizwa usoni unabaki juu.

Mahali penyewe ni Popoyo, wilaya ya Tola, saa mbili na nusu mpaka tatu kutoka Managua. Kuna wimbi la mwambani linalofunguka kulia na kushoto, kuna mwamba wa nje kwa wale wenye kichaa cha mawimbi makubwa, na kuna fukwe za jirani za mchanga kwa mwanafunzi. Playa Colorado ni mahali pengine pazuri sana, wimbi la mchangani lenye shimo, yaani linajikunja na kuacha uwazi ndani, lakini kwa nchi kavu liko nyuma ya geti la makazi ya matajiri, wengi wanafika kwa boti. San Juan del Sur ni mji wa vijana, ghuba yake haina wimbi, unapanda gari kwenda Maderas kaskazini au Remanso kusini, ambako wanafunzi wanaelewana nako vizuri. Bei ni ndogo waziwazi kuliko Costa Rica, chumba, chakula, boti, mwalimu, vyote.

Siasa ndiyo inayowafanya watu wasite, na wana haki ya kusita. Tangu maandamano ya Aprili 2018 serikali imebana sana, kuna watu wamefungwa, wamefukuzwa nchi, wamevuliwa hata uraia. Mtalii wa mawimbi anayekaa Popoyo kwa kawaida haguswi, ila usijadili siasa na mtu usiyemjua, usipige picha polisi wala majengo ya serikali, na usiingie na droni kabisa, wanaichukua forodhani. Kama wewe ni mwandishi wa habari au mtu wa mashirika ya haki, chagua nchi nyingine, sitazunguka kwenye hilo.

Wengi hawashukii Managua, wanashukia Liberia ya Costa Rica halafu wanavuka mpaka wa Peñas Blancas kwa gari, kama saa moja tu. Ni njia nzuri kwa wenye pasi zisizosumbuliwa. Kwa pasi zetu maana yake ni viza mbili badala ya moja.

El Salvador

Kama muda wako ni mfupi, siku saba au nane tu, na tayari unajua kuserfu, nenda El Salvador bila kuzunguka. Unashuka uwanja wa ndege, dakika 40 hivi uko La Libertad, na ndani ya kipande kifupi cha pwani una Punta Roca, El Sunzal, El Tunco na El Zonte. Kutoka Houston ndege ni saa tatu hivi. Jumamosi asubuhi uko Texas, jioni uko majini.

Punta Roca ni wimbi la rasini linalokwenda kulia, refu, la kasi, juu ya mawe ya mviringo, ligi ya dunia ya WSL imekuwa ikishindania pale kuanzia 2022 na kabla yake 2021 mashindano ya ISA ya kufuzu Olimpiki yalifanyika jirani, Sunzal na La Bocana. Kuingia na kutoka kwenye mawe yale ni kazi yenyewe, viatu vya mpira vinasaidia. El Sunzal ni mpole zaidi, wimbi linakunja taratibu, linakupa muda wa kufikiri, mtu wa kiwango cha kati mwenye ubao mrefu atafurahi mno hapo. Mashariki kule kuna Las Flores na Punta Mango, karibu saa tatu kwa gari, watu wachache na maji safi zaidi.

Angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii: karibu mawimbi yote hayo mazuri yanakwenda kulia. Kama unatanguliza mguu wa kushoto utakuwa unaliangalia wimbi uso kwa uso, raha tupu. Kama unatanguliza wa kulia utakuwa umeligeuzia wimbi mgongo safari nzima, na kwa mtu wa hivyo mimi ningesema Nicaragua au Pavones zimpe raha anayostahili.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza El Salvador namuonea huruma, mawe ni mengi, na kipindi cha mvua mchanga unaondoka ufukweni El Tunco yanabaki mawe matupu yanayogongana miguuni. Novemba mpaka Februari inawezekana maana bahari inapoa, ila bado Tamarindo ni bora kwake.

Usalama umebadilika sana na watu bado wana picha ya zamani ya magenge. Hali ya hatari ilitangazwa Machi 2022, zaidi ya watu 80,000 wamekamatwa, mauaji yameshuka kabisa na sasa unaona familia zinatembea usiku La Libertad. Mashirika ya haki za binadamu yanasema humo ndani kuna wengi wasio na hatia waliokaa jela bila kesi ya maana, na hilo nalo ni kweli la kubeba kichwani unapokula pupusa yako (chapati nene ya mahindi yenye vitu ndani) ya dola moja kwa amani. Tembea na pasi au nakala yake nzuri.

Hela yao ni dola ya Marekani tangu 2001, hakuna kubadilisha. Bitkoini ilifanywa hela halali 2021 na ikalegezwa mwanzoni mwa 2025, El Zonte ndiko ilikoanzia hiyo habari na bado utaona mabango, lakini dola taslimu ndogondogo ndiyo inayokusaidia.

Pasi, hapa soma taratibu

Hii ndiyo sehemu ambayo waandishi wa Kizungu hawaigusi kwa sababu haiwahusu. Wenye pasi za Kenya, Tanzania na Uganda Costa Rica wanahitaji viza, isipokuwa kwamba ukiwa na viza halali ya Marekani ya kuingia mara nyingi, au ukiwa na gringadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), mara nyingi unaingia kwa hiyo bila viza yao, mpaka siku 30. Soma masharti ya muda uliobaki kwenye hiyo viza kabla hujalipia chochote. Nicaragua na El Salvador ziko pamoja na Guatemala na Honduras kwenye mkataba wa CA-4, kwa kawaida siku unazopewa zinahesabiwa kwa nchi zote nne kwa pamoja, kwahiyo kuvuka mpaka kati yao hakukuanzishii siku upya. Costa Rica haimo humo.

Halafu El Salvador ina jambo linaloniuma kulisema lakini lazima nilieleze. Oktoba 2023 waliweka ada ya dola 1,000 na kodi juu yake, jumla dola 1,130, kwa wasafiri wenye pasi za nchi 57, nyingi za Afrika pamoja na India, wanaopita kwenye uwanja wao wa ndege. Lengo lililoeleweka ni kuzuia wanaopitia pale kwenda mpaka wa Marekani, lakini mtu mwenye ubao wake anayekwenda kula mawimbi naye anakamatwa humo humo. Kabla hujakata tiketi yoyote inayogusa San Salvador, hata ya kubadilisha ndege tu, thibitisha na shirika la ndege kwa maandishi kama pasi yako imo na kama ada bado ipo. Hiyo dola 1,130 ni safari nyingine nzima ya Nicaragua. Ukisafiria pasi ya Marekani au ya Ulaya hili halikuhusu.

Kwa anayetokea nyumbani, njia za kawaida ni mbili. Kuna Nairobi mpaka New York moja kwa moja na Kenya Airways, halafu unashuka kusini, ila kupita tu Marekani kunahitaji viza ya Marekani. Na kuna kupitia Amsterdam kwenda San José au Panama City, hapo huingii Marekani kabisa. Ndugu zetu wenye pasi ya Kongo DRC kumbukeni nchi za Schengen zinawataka viza ya kupita uwanjani hata kama hamtoki nje. Na kadi ya njano ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetokea maeneo yetu, chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Kaunta wanaiuliza kabla hata ya kuangalia viza.

Kwahiyo nani aende wapi

Mwanafunzi, au familia ambayo mmoja anaserfu na wengine wanataka kuona nyani na misitu: Costa Rica, Tamarindo au Nosara, kati ya Desemba na Aprili, na uvumilie bei, maana chakula cha kawaida cha casado (sahani ya wali, maharage na kitoweo) kwenye mgahawa mdogo wanaouita soda kinaweza kuwa dola 6 mpaka 10 na kwenye mgahawa wa watalii mara mbili yake. Mtu wa kati mwenye bajeti ndogo na wiki mbili kamili: Nicaragua, Popoyo, Aprili au Mei. Anayejua, mwenye wiki moja, pasi isiyo na shida na mguu wa kushoto mbele: El Salvador, kuanzia Aprili. Anayetaka zaidi ya mawimbi, watu wanaofanana naye na wali wa nazi, Puerto Viejo mwezi wa kwanza au wa pili.

Panama sijaiweka kwenye mizani kwa sababu umbali kati ya mawimbi yake unakula siku, Santa Catalina peke yake ni saa tano sita kutoka Panama City, lakini kama ndege yako inabadilishia pale na una siku tatu nne za ziada, Playa Venao ni pazuri kwa kiwango cha kati na Bocas del Toro upande wa Karibi ina msimu mmoja na Puerto Viejo.

Kuhusu ubao, kwa mwanafunzi na wa kati naona kukodi huko huko kuna akili zaidi, dola 10 mpaka 20 kwa siku, na ukikaa wiki wanapunguza. Mashirika ya ndege kila moja lina bei yake ya ubao, mengine yanakataa uliozidi urefu fulani, na basi dogo la Popoyo halina nafasi ya ubao wa futi tisa. Aliyebobea atabeba wake, sawa, autoe mapezi na kuufunga na taulo kwenye ncha zote mbili, abebe kamba mbili za mguuni maana mawe ya Punta Roca yanazikata, na nta ya kupaka ubao miguu isiteleze anunue ile ya maji ya joto kule kule, hii ya maji baridi tunayotumia California ikipigwa na jua la Nicaragua nusu saa inatiririka yote mchangani.